Cheti cha mtoto wa gredi ya 6: kisa cha mama mmoja wa Mtopanga na milango aliyogonga

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa wa daftari. Mwalimu wa darasa ameandika kwa kalamu nyekundu kuwa mzazi alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana shule inasajili watoto wa gredi ya 6 kwa ajili ya mtihani wao wa kitaifa, KPSEA, na huyu binti ndiye peke yake ambaye jina lake halina namba ya cheti. Mamake akaikunja akaifunga kwenye pembe ya leso, akaendelea kukaanga viazi karai kama kawaida na hakumwambia mtu siku nne nzima. Baadae aliniambia hakunyamaza kwa kupuuza, alinyamaza kwa sababu hakujua aanzie wapi, na kila akilifikiria neno serikali kichwa kinamuuma.

Huyu ni jirani yangu hapa Mtopanga, Kisauni. Kaniruhusu nikiandike kisa chake bila jina na nakiandika chote, tulipokosea na tulipopatia, kwa sababu najua kuna kina mama wengi sana Mombasa hii wana karatasi kama hiyo kwenye leso zao saa hii. Mi si wakili wala sifanyi kazi serikalini. Nasindikiza watu maofisini tu, nilianza na marehemu babangu wakati akifuatilia pensheni yake, nikazoea kukaa kwenye foleni na kuuliza maswali, basi watu wa mtaa wakizidiwa huja kunigongea.

Mambo ya mtoto yalikuwa hivi. Kazaliwa 2013, nyumbani, usiku wa mvua, mikononi mwa mkunga wa mtaa ambaye sasa ni marehemu Mungu amrehemu. Hakuna hospitali iliyotoa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Kitabu cha kliniki kilikuwepo lakini kilipotea walipohama nyumba, maji yaliingia ndani wakabeba vitu usiku usiku. Baba wa mtoto walioana kwa nikaha lakini akaenda zake Lamu kwenye uvuvi, na simu yake haipatikani tangu lini sijui. Mtoto mwenyewe anasoma vizuri, huo ndio uliokuwa uchungu wa mamake, kwamba mtoto hana kosa lolote.

Mlango wa kwanza aliogonga ulikuwa ofisi ya wodi. Ukimuuliza kwa nini kule, anakwambia kwa sababu mwaka uliopita binamu yake alipata fomu ya basari pale, kwa hivyo kwake yeye pale ndipo serikali ilipo. Akaambiwa aje Jumatatu, Jumatatu akaambiwa mheshimiwa yuko kikaoni aje Jumatatu nyengine. Kila akienda anafunga biashara asubuhi na asubuhi ndo wateja wa chai wanakuja, kwa hivyo zile Jumatatu mbili si bure, ni unga na mafuta ya kupikia. Mara ya tatu kijana mmoja pale ofisini akamwambia kwa heshima, "Mamangu, vyeti vya kuzaliwa si vyetu sisi, hivyo ni vya serikali." Yeye akarudi nyumbani amechanganyikiwa kabisa, akaniuliza siku ile tulipokutana kisimani, "Dadangu, kwani wale nao si serikali?"

Swali lake ni la haki kabisa na nadhani ndilo lililobeba kisa chote. Wazee wetu hapa mpaka leo wanasema nimeenda munisipali, maana kulikuwa na baraza la mji na kulikuwa na DC, yule mkuu wa wilaya wa serikali kuu, na mtu anajua tofauti. Tangu 2013 tuna serikali mbili kwenye mtaa mmoja na hakuna aliyekaa chini na watu akawaeleza. Katiba ya 2010, lile Jedwali la Nne, imegawa kazi. Kaunti imepewa zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko kama Kongowea, takataka, maji, leseni za biashara, wazima moto. Serikali kuu ikabaki na shule ya msingi na sekondari, polisi, vitambulisho, pasipoti, na usajili wa vizazi na vifo. Kwa karatasi inaonekana rahisi. Lakini nenda shule nyingi za msingi za hapa uone, darasa la chekechea na gredi ya 1 viko uwanja mmoja, watoto wanacheza chini ya mwembe mmoja, na mwalimu wa chekechea kaajiriwa na kaunti, wa gredi ya 1 ni wa TSC, ile tume ya walimu ya serikali kuu. Mzazi anamleta mtoto geti lile lile miaka yote, atajuaje kwamba mtoto kavuka kutoka serikali moja kwenda nyengine?

Na majina ndio yanazidisha. Kuna gavana wa kaunti na kuna kamishna wa kaunti, na huyu kamishna ingawa anaitwa wa kaunti ni wa serikali kuu, chini yake wako manaibu, machifu na manaibu chifu. Upande wa kaunti kuna msimamizi wa wodi ambaye kaajiriwa, na kuna MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, ambaye kachaguliwa. Mombasa ina kaunti ndogo sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na wodi 30, na karibu kila pahali naibu chifu na msimamizi wa wodi ofisi zao haziko mbali, mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka moja mpaka nyengine, na bado wanaweza kumrusha mama mmoja wiki tatu bila mmoja kumwambia mwenziwe. Kwa hili sina maneno laini. Yule kijana wa ofisi ya wodi alisema kweli, vyeti si vyao, lakini alikuwa anajua ni vya nani na lipi jengo, na sentensi moja zaidi ingemuokolea mama yule karibu mwezi.

Mlango wa pili ulikuwa ofisi moja mjini, sitaitaja. Alipanda matatu asubuhi na mapema, akavuka daraja la Nyali, akapiga foleni tangu saa mbili mpaka saa sita kasoro. Alipofika dirishani akaulizwa maswali mawili tu, wapi karatasi ya hospitali na wapi baba. Akasema hana vyote viwili. Akaambiwa alete baba au alete cheti cha kifo cha baba. Yaani mama ambaye mumewe yuko hai pahali fulani anatakiwa aidha amvute kwa kamba kutoka Lamu aidha amzike. Alitoka pale analia, na watu wanaolia nje ya maofisi wana watu wao wanaowangoja.

Broka. Kijana nadhifu, ana faili mkononi, anamwita mama, anamwambia pole. Kamwambia anajua mtu ndani, shilingi 4,500 cheti siku tatu, atangulize 2,000. Mama akampa 2,000 alizokuwa amewekea kodi ya nyumba. Siku tatu zikaisha, simu ikawa haipokelewi, kisha haipo hewani. Siandiki hili ili mtu amcheke. Mtu akishaambiwa alete baba aliyepotea, yule anayemwambia "mi nitakusaidia" anakuwa ndiye binadamu wa kwanza kumtendea wema siku ile, na broka wanalijua hilo vizuri sana. Hata angeletewa cheti, kingekuwa hatari zaidi, maana cheti cha kweli kina namba ya ingizo ambayo iko kwenye daftari la msajili, na siku moja shule au ofisi ya vitambulisho wakiitafuta ile namba isipatikane, kesi inamgeukia mtoto. Alama moja ambayo sasa namwambia kila mtu: malipo ya serikali kuu yanapitia eCitizen, ule mtandao wa serikali wa huduma na malipo, Paybill ni 222222, na unapata ujumbe na risiti. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu, simama hapo hapo.

Sasa ndo akanigongea, usiku, baada ya isha. Tukakaa ukumbini kwangu na chai ya tangawizi na nikamwomba anisimulie kila kitu tangu mwanzo, nikawa naandika. Niliona kitu ambacho hata mimi nilikuwa sijawahi kukiona wazi namna ile. Kila ofisi alianza na swali la mwisho. Anaingia anasema "nataka cheti", na cheti ndo kitu cha mwisho kabisa kwenye mlolongo, kwa hivyo kila mtu anamjibu kwa kitu anachokosa. Hakuna aliyemwambia kwanza mtoto huyu asajiliwe, cheti kinafuata. Usajili na cheti ni vitu viwili. Usajili ni kuandikwa kwenye daftari kwamba mtoto fulani alizaliwa tarehe fulani na mama fulani, cheti ni nakala ya lile ingizo. Mtoto huyu hakuwa amepoteza cheti, alikuwa hajaandikwa popote.

Na sheria imelitarajia jambo hili. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita. Ikipita hapo hakufukuzwi mtu, unaitwa usajili wa kuchelewa, una ada yake na unahitaji idhini ya msajili mkuu, na unataka ushahidi. Mtoto aliyezaliwa hospitalini anaandikwa kupitia hospitali, na aliyezaliwa nyumbani anaandikwa kupitia naibu chifu wa pale alipozaliwa. Kwa hivyo mlango wa kwanza wa huyu mama ulikuwa dakika kumi kutoka kwake kwa miguu, na alikuwa hajawahi kuugonga, kwa sababu kwake yeye naibu chifu ni mtu wa kesi za ugomvi na pombe haramu.

Asubuhi tukaanza kwa mzee wa mtaa, maana naibu chifu hamjui kila mtu lakini mzee wa mtaa anajua nani kazaliwa chumba gani. Mzee akatuangalia akasema, "Wanangu, mtoto huyu mimi nilikuwepo siku ya arobaini yake, mbona hamkuja mapema?" Akakubali kwenda nasi. Binti wa yule mkunga marehemu pia akakubali kuja kusema kwamba mamake ndiye aliyemzalisha. Naibu chifu akatusikiliza bila haraka, lazima nimpe haki yake, akasema barua ataandika lakini mdomo peke yake hautoshi, kule kwa msajili wataka kitu kilichoandikwa wakati ule mtoto alipokuwa mchanga. Kitabu cha kliniki, kadi ya ubatizo kwa Wakristo, rekodi ya shule tangu chekechea, kitu cha namna hiyo. Ikikosekana kabisa kuna njia ya kupimwa umri hospitali lakini hiyo huleta makisio ya miaka, haikupi tarehe, na mama anaijua tarehe ya mtoto wake.

Hapo ndipo nilipomuuliza, mtoto alichanjwa? Akasema ndiyo, alichanjwa zote, na alama ya BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, iko mkononi. Alichanjwa wapi? Zahanati ile ile ya karibu. Basi kitabu kilichopotea ni nakala yake yeye, zahanati nayo ilikuwa na rejista yake ya chanjo, kila mtoto anaandikwa mstari wake, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, mtaa. Maji yaliingia chumbani kwake, hayakuingia kwenye kabati la zahanati.

Naomba nikae hapa kidogo maana hiki ndo kitu ambacho natamani kila mtu akijue. Zahanati ni ya kaunti. Cheti ni cha serikali kuu. Na ushahidi wa serikali kuu ulikuwa umelala miaka yote ndani ya kabati la kaunti. Yule mama alihangaika kati ya serikali mbili akidhani zinamfukuza, kumbe kila moja ilikuwa na nusu ya jibu lake. Tukaenda zahanati Jumatatu. Muuguzi msimamizi akasema siku ya kliniki haiwezekani, kuna foleni ya watoto mpaka nje, turudi Alhamisi mchana. Tukarudi Alhamisi. Akatupeleka chumba cha nyuma ambako rejista za zamani zimepangwa kwenye maboksi, nyengine karatasi zimeanza kuwa za manjano, na akakaa na sisi yeye mwenyewe, hakutuachia, tukifungua mwezi baada ya mwezi. Mama alikuwa hasomi haraka kwa hivyo alikuwa anaangalia safu ya jina la mama tu, jina lake yeye. Na ni yeye aliyeliona. Akaweka kidole pale na akanyamaza, kisha akasema, "Ndimi huyu." Kuna wino wa bluu, kuna tarehe, kuna uzito wa mtoto siku ya kwanza ya chanjo. Muuguzi akatoa barua ya zahanati yenye muhuri na kopi ya ukurasa ule, akatupa na maji ya kunywa. Mungu amlipe.

Lakini jina la mtoto lilikuwa si lile. Kwenye rejista limeandikwa jina la nyumbani, jina la bibi yake, na shuleni anaitwa jina lengine. Hili ni jambo la kawaida sana huku kwetu Pwani, mtoto anapewa jina la marhumu fulani la kuitwa nyumbani na jina la kuandikwa, na hakuna anayeona shida mpaka siku ya karatasi. Nilijua tukiliacha hivyo litaturudisha nyuma wiki nyengine, kwa hivyo kabla ya kwenda mjini tukarudi kwa naibu chifu akaandika kwenye barua yake kwamba majina yote mawili ni mtoto mmoja, na mwalimu mkuu naye akaandika barua ya shule yenye tarehe aliyoingia na picha ya mtoto yenye muhuri. Barua tatu sasa, kutoka watu watatu wasiojuana, zote zinasema kitu kimoja. Tukapiga fotokopi seti mbili safi, nzuri, si za kufifia.

Ikabaki ile habari ya baba. Nilimweleza nilivyoelewa, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Mtoto hanyimwi usajili kwa sababu baba hayupo. Mama anaweza kutoa taarifa ya kuzaliwa peke yake. Swali linakuwa tu jina la baba liandikwe au nafasi yake iachwe. Zamani mtoto wa nje ya ndoa jina la babake lilikuwa haliandikwi mpaka baba mwenyewe akubali, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 12 cha sheria ile kinapingana na Katiba, maana ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa na inasema jukumu la malezi ni la mama na baba sawasawa, wameoana au hawakuoana. Huyu jirani yangu alikuwa na nikaha kwa hivyo kwake ilikuwa nyepesi zaidi kama angepata karatasi ya ndoa. Na alitaka jina la baba liwepo, si kwa ajili ya yule bwana, kwa ajili ya mtoto ambaye ndo jina analotumia tangu chekechea.

Basi tukavuka feri kwenda Likoni kwa ndugu wa mumewe. Ami wa mtoto. Hawakuwa wameonana miaka na mama alikuwa anaona haya, njia nzima ameshika begi lake kwa mikono miwili. Yule ami akatupokea vizuri mno, akasema mtoto ni damu yetu, akaenda ndani akatoka na bahasha yenye cheti cha nikaha na kopi ya kitambulisho cha nduguye, vilikuwa kwake muda wote ule. Akamwekea mtoto na nauli.

Siku ya kurudi mjini tulienda wawili. Dirisha lile lile, sauti ile ile, lete baba. Nikamwambia karani kwa adabu, "Mwanangu, karatasi zote hizi hapa, na baba kitambulisho chake na nikaha hivi hapa. Kama bado haiwezekani tunakuomba utuandikie sababu, utie na jina lako." Sikupandisha sauti na nilimaanisha. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi anapokataliwa kitu na ofisi ya umma, na ukiomba taarifa rasmi kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inayotoa siku 21 za kujibiwa. Karani akakaa kidogo, akainuka, akaenda ndani, akarudi na mkubwa wake. Yule mkubwa akapitia karatasi moja moja, akauliza mama maswali mawili matatu ya kweli kweli, mtoto wa ngapi, alizalishwa na nani, akasema hii inakwenda. Hivyo tu. Dakika kumi na tano. Tukajaza, tukalipa kwa eCitizen, ada ya usajili wa kuchelewa na ya cheti chenyewe ambayo siku hizi ni shilingi 200, zamani ilikuwa 50, na tukapewa karatasi ya kuonyesha maombi yamepokelewa.

Ile karatasi ya maombi yamepokelewa iligeuka kuwa na thamani kuliko nilivyodhani. Tuliipeleka shule siku ile ile kabla hata ya kula, na mwalimu mkuu ambaye alikuwa ametusaidia kwa barua akasema ataliweka jina la mtoto pembeni, asilifute, mpaka siku ya mwisho ya kufunga usajili. Naelewa kwa nini shule nazo huwa zinasukuma wazazi. Serikali inatoa shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka na hesabu yenyewe inatokana na watoto walioingizwa kwenye mfumo wa wizara, na kuingia kwenye mfumo kunataka namba ya cheti. Mtoto asiye na cheti anakaa darasani, anatumia chaki na kalamu za wenziwe, lakini kwa hesabu ya wizara hayupo. Hilo si kosa la mtoto wala la mwalimu mkuu lakini mtoto ndiye anayeambiwa asimame mbele ya wenziwe.

Namba ikatoka zikiwa zimebaki siku nne. Mama alinipigia simu niko Marikiti nanunua viungo, nikamsikia anapumua tu, hasemi, nikajua imetoka. Binti akasajiliwa.

Watu wameniuliza tungefanya nini kama yule mkubwa angekataa. Hapa Mombasa kuna mashirika ya haki yenye wasaidizi wa kisheria wa mtaani, MUHURI na Haki Africa, kuna idara ya watoto ya serikali, kuna namba 116 ya bure ya mambo ya watoto, na kuna ofisi ya Mchunguzi Maalum, ile tume ya haki ya utawala inayopokea malalamiko juu ya ofisi za umma, ambayo ina tawi hapa hapa. Ningeenda kwa huyo wa mwisho na ile barua ya sababu mkononi. Bila barua ya sababu huendi popote, unakuwa na hadithi tu. Kwa kuuliza mambo ya kawaida Huduma Centre pale Posta, Digo Road, ni pahali pazuri pa kuanzia maana idara nyingi za serikali kuu ziko chini ya paa moja, lakini kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani na akapita miezi sita bado utarudishwa kwa naibu chifu, kwa hivyo anza naye.

Kitu ambacho mimi mwenyewe nilikosea, na sijakisamehe bado, ni kwamba nilijua habari ya rejista za zahanati miaka mingi na sikuwahi kumwambia mtu mtaani kwangu mpaka nilipoulizwa. Na kitu chengine, tulisahau kumuuliza mama mapema kama kuna mtoto mwengine. Yuko. Mdogo wake, miaka minne, kazaliwa Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, karatasi ya hospitali ipo, kitabu cha kliniki kipo, kila kitu kipo na bado hajaandikwa, kwa sababu mamake alidhani karatasi ya hospitali ndo cheti. Nimekutana na watu wengi wanaoamini hivyo. Na huyu mdogo ana haja nacho kabla hata ya shule, maana SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF mwezi wa kumi 2024 mama alijisajili mwenyewe tu, watoto hakuwaingiza, cheti hana, na zahanati huduma ya msingi ni bure ndiyo lakini siku akihitaji kulazwa ndipo itakapomuuma.

Kwa huyu wa pili hatukwenda ofisi ya wodi wala kwa broka. Karatasi ya hospitali, kopi ya kitambulisho cha mama, cheti cha nikaha kutoka kwa ami, vyote viko kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, mbali na sakafu na mbali na maji, pamoja na cheti cha dada yake ambacho mama amekitia karatasi ya nailoni mara mbili. Fomu tumeshaipeleka, hapakuwa na swali la baba safari hii. Tumeambiwa turudi Jumatano, na Jumatano mama hatafunga biashara, nitatangulia mimi na yeye atamalizia chai ya asubuhi kisha anifuate.